Kitambaa Cheupe Ng'ambo ya Korongo

Wasomaji, wivu umeniaibisha mchana kweupe.

Mke wangu Paskalina anafundisha fizikia sekondari hapa Endasak. Tangu ahamie Mwalimu Bura, kijana mtanashati mwenye pikipiki, mimi sina raha. Juzi nilimsikia mke wangu akimwambia kwa simu, "Wewe simama ng'ambo ya korongo na kitambaa cheupe. Nikikuona tu, naanza. Nikikusikia, namaliza."

Uji ulinipalia.

Kesho yake niliacha palizi, nikashika fimbo, nikajificha kwenye mahindi karibu na korongo. Kweli, Bura alikuwa ng'ambo. Alishusha kitambaa, papo hapo akapiga debe kwa nyundo. Mlio ulitufikia baadaye kidogo, nami hata sikujiuliza kwa nini. Nilichoona ni mke wangu, amesimama peke yake ukingoni, anatabasamu.

Nikachomoka na fimbo juu. "Leo nimewakamata! Mnapeana ishara za mapenzi hadharani!"

Paskalina aligeuka, saa ya kupimia mkononi. Kwenye mteremko chini yake wakainuka wanafunzi waliokuwa wameketi, kidato cha tatu kizima.

"Tunapima mwendo wa sauti, Baba Neema," alisema taratibu. "Mwanga unafika kwanza, sauti inafuata. Sasa umetuharibia, itabidi turudie."

Nilitamani korongo linimeze. Yeye akawageukia wanafunzi.

"Haya, msalimieni mume wangu."

"Shikamoo, Baba Neema!" waliitika wote kwa pamoja.

Fimbo ilikuwa bado iko juu.