Samli Niliyoiita Mafuta ya Kupaka

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana wapo watu Karatu ambao hadi leo tukikutana sokoni wananusa hewa kwanza ndipo wanisalimie.

Ilikuwa ile miaka mpaka na Kenya umefungwa, sabuni ya shida, mafuta ya kupikia ya shida, na kila mwenye furushi ni mlanguzi mpaka ajitetee (hata jirani alikuamkia huku macho yake yakiwa kwenye kikapu chako). Mimi, kijana wa Mbulumbulu, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Endulen, nimemposa Paskalina, binti wa Mzee Qamara wa hukohuko kwetu Mbulumbulu, na siku ya kupeleka vitu ukweni ikawa imefika. Jirani yangu, Mama Nasieku, akanitengenezea samli ya ng'ombe wake mwenyewe, nzuri kweli, ila aliniletea ndani ya kibuyu, nami nikaona kibuyu ni ushamba, nikaihamishia kwenye kopo kubwa tupu nililokuwa nalo, lenye maandishi ya Kenya na picha ya ng'ombe mnene anayecheka. Kosa lenyewe ndilo hilo tu, mengine yalijileta.

Nikadandia lori la kwenda Karatu, na nani nimkute juu ya mizigo? Mzee Qamara! Alikuwa anatoka Arash, kule karibu na mpaka, kutazama ng'ombe (maneno yake hayo), amekalia gunia la magadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akalikazia macho kopo langu. "Hilo umelitoa wapi?"

"La nyumbani tu, baba."

Akaguna, na njia nzima hakuliondolea jicho. Nikajua tayari ananishuku, na mtu akikushuku hata kukohoa unakohoa kama mwizi.

Karibu na Karatu tukakuta kizuizi, afisa wa ushuru na mgambo wake.

"Ndugu, kopo lina nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, samli ya Endulen. Lakini nikatazama yale maandishi nikaona hata mimi nisingejiamini, na nilishasikia vijiweni kwamba wanachosaka ni siagi na mafuta ya kula, basi nikasema, "Mafuta ya kupaka, afande."

"Ya kupaka," akarudia polepole. "Unajua, ndugu, siagi na samli zina fungu lake la ushuru, mafuta ya mimea yana lake, na ya kupaka yana lake. Hilo la kupaka ni la anasa. Ndilo zito kuliko yote."

"Basi ni samli, afande."

"Imeshakuwa samli? Aa, tusiyumbe. Jipake."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikachota kwa vidole nikajipaka shavuni, akasema bado, nikapaka paji la uso, shingo, mikono, na lile jua la mchana likaiyeyusha ikanitiririka mpaka kwenye kola ya shati la ukweni, nzi nao wakafika kama walioalikwa. Lori zima lilikuwa linacheka isipokuwa Mzee Qamara.

Afisa akaniinamia, akaninusa shavu (mbele za watu, jamani!). "Inanuka moshi wa kufukizia vibuyu. Hii ni ya hapahapa, haina ushuru hata senti."

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa mtu anayedanganya juu ya kitu halali, hao aliopanda nao wamebeba nini? Shusheni mizigo yote!"

Wakapekua, na katikati ya magadi ya mkwe wangu wakatoa makopo ya siagi, ng'ombe yuleyule anacheka, ila hayo yalikuwa bado na mifuniko ya kiwandani. Kumbe mzee muda wote alikuwa anaogopa kopo langu litayafichua yake! Makopo yakachukuliwa, naye akabakizwa kituoni.

Mimi nikaenda Mbulumbulu peke yangu, ninang'aa kama sanamu ya kanisani, nikawakuta wazee wamekaa wananisubiri, mama mkwe akaniuliza kama nimemwona mzee njiani, na ikabidi nimwambie.

Mzee aliachiwa kesho yake, akatangaza kwamba mimi ndiye niliyemchongea, kwamba ule uongo ulikuwa ishara niliyopanga na afisa, na uchumba umekwisha. Niliapa mpaka nikachoka. Ngano ikavunwa, ikapandwa tena, hasikii. Aliyeniokoa ni Paskalina, siku alipomwambia, "Baba, mtu mwenye akili ya kukuchongea asingekubali kujipaka samli usoni mbele ya lori zima."

Mzee akawaza sana, akakiri kwamba kweli, mimi si msaliti, ni mjinga tu. Na kwa sifa hiyo nikaoa.

Tangu hapo, nikiulizwa nimebeba nini, nakitaja kwa jina lake kabla muulizaji hajamaliza swali, hata ikiwa ni kitu cha aibu.