Padri wa Kwenye Tivii

Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, mmoja wao alijenga jirani na kwetu pale Bariadi, akaleta jenereta na dishi. Jioni tulijazana sebuleni kwake kutazama tamthilia ya ng'ambo. Binti yake wa sekondari ndiye aliyetutafsiria, na mpaka leo sijui kama alitafsiri au alitunga.

Ndani ya tamthilia ile kulikuwa na mambo yote ya Kanisa letu: masista, mishumaa, hata kiti cha kuungamia chenye kidirisha cha wavu. Mama alifurahi mno, kengele ikilia naye anafanya ishara ya msalaba. Mpaka jioni ile padri wa tamthilia alipomaliza kumuungamisha mke wa tajiri, akaenda moja kwa moja kwa mumewe na kumweleza yote.

Mama alinikamata mkono, kucha zikaniingia. Nilijua kwa nini. Mwaka uliotangulia nilizidiwa na homa, baba yuko Maswa kwenye semina ya makatekista. Mama alinibeba mgongoni hadi kwa mganga kule Ngulyati, nikachanjwa chale kifuani, nikapona. Baadaye aliungama kwa padri wetu. Lakini baba hakuambiwa. Yeye ndiye katekista wa kigango, anayeongoza ibada padri asipokuwepo, na kila Jumapili aliwasema wanaokwenda kwa waganga kwa ukali wa kutisha. Mama aliamini kabisa kwamba baba akijua atamrudisha kwao.

Nilimwambia ile ni michezo ya kuigiza. Akanijibu kwamba mtu haigizi kitu ambacho hakipo, na mapadri wote wanapitia seminari. Nami nikaanza kuogopa.

Ubaya wake, Jumapili iliyofuata padri wetu alikuwa anakuja kigangoni, na desturi ni kwamba baada ya misa anakula kwa katekista. Wiki nzima mama alikuwa anaongea peke yake jikoni. Alichagua jogoo, akamwacha, akachagua mkubwa zaidi, utadhani padri angenyamazishwa kwa paja la kuku. Leo nacheka, ila siku zile sikuthubutu.

Jumapili ikafika. Padri alimega tonge, akachovya, akatafuna taratibu. Akamtazama baba, kisha mama.

"Samahani, mama," alisema, "kuna jambo moja."

Mama alipiga magoti palepale. "Baba watoto, nilimpeleka mtoto kwa mganga. Nakuambia mwenyewe, usije ukaambiwa na Padri."

Padri alibaki na tonge la pili mkononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuomba chumvi. Kwa wasiwasi wake mama alikuwa hajatia hata chembe.

Mimi nilitazama mlango, nikiwaza nguo za mama zitafungwa kwenye khanga ipi.

"Chale niliziona nilipotoka Maswa, nilipombadilisha shati," baba alisema bila kuinua macho. "Mtoto alikuwa anacheka, nikashindwa kukuuliza. Niliungama kwa Padri huyuhuyu kwamba nimenyamaza."

Mama alimgeukia Padri. Mwaka mzima Padri huyo alikuwa akila mezani kwetu na siri ya mke na siri ya mume, wala hakuwahi hata kukohoa.

Padri hakumtazama mtu. Akaomba tena chumvi.