Kodi Haikufa na Mume Wangu

Jumanne, katikati ya Novemba, miaka ile ya wakimbizi. Mvua ilipiga Ujiji tangu alfajiri, ikakatika saa nne, jua likatoka kali kama vile hakujanyesha. Matope ya barazani hayajakauka, mwenye nyumba akapiga hodi.

Nilikuwa eda. Mume wangu alifariki mwezi uliotangulia, kwa hiyo na wanaume nilizungumza nikiwa nyuma ya pazia la mlango.

“Mama, pole na msiba,” alisema. “Sasa, kuna hawa wageni wa mashirika, wanaohudumia wakimbizi. Wanaitaka nyumba hii, na wanaitaka mwezi huu huu.”

“Mume wangu alilipa mpaka Juni, mzee.”

“Alilipa yeye. Mapatano yalikuwa yangu na yeye, na yeye hayupo. Kodi iliyobaki nitakurudishia. Nenda Mwandiga kwa kaka yako, ukakalie eda huko.”

Hapo nilibabaika. Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Nikawaza, labda ndivyo sheria ilivyo, labda mapatano huzikwa na mtu. Tena siwezi kumsema kwa ubaya. Kwake walijazana ndugu wa mkewe waliovuka ziwa kutoka Kongo, wanalala mpaka jikoni, na wote walikula kwa mfuko wake. Ningekuwa mimi ndiye mwenye nyumba ya kugombewa, sijui ningefanya nini. Lakini niliwafikiria watoto, shule yao iko jirani na pale, nikajisikia nasema:

“Sitoki.”

“Naongea na mtu au na pazia?”

“Na wote wawili, mzee. Na wote hatutoki.”

Akaondoka kwa hasira, akarudi na balozi wetu wa nyumba kumi, mama mtu mzima aliyekuwa sokoni akiuza samaki wa migebuka, mikono bado ina magamba. Kwa kuwa ni mwanamke aliingia ndani, akakaa mkekani kwangu. Mwenye nyumba akabaki barazani.

“Wewe!” balozi alimpigia kelele kutoka ndani. “Mtu yuko eda, unamtoa? Huogopi?”

Mwenye nyumba akasema, “Haya. Kwa ajili ya Mungu, amalize eda yake, ndipo atoke.”

Balozi akapiga makofi. “Umesikia, mwanangu? Amekuhurumia. Sema asante.”

Asante ilinifika mdomoni, nikaimeza. Eda ingekwisha Februari, na kodi ilikuwa mpaka Juni. Nikiipokea huruma ile, miezi iliyobaki nimeitupa.

“Samahani, bibi,” nilisema. “Eda ni yangu na Mungu. Nyumba ni ya kodi. Mume wangu angekuwa hai, huyu angemtoa kabla ya Juni?”

Balozi akageukia mlango. “Unasikia? Ungemtoa?”

“Yule? Angenitupa ziwani!”

Alicheka mwenyewe. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

“Basi,” balozi akasema. “Aliyekufa ni mlipaji. Pesa si uliipokea?”

“Niliipokea.”

“Na waliomo ndani si ndio hao hao aliowalipia?”

“Ndio hao.”

“Sasa unanitoa sokoni kwa lipi? Atakaa mpaka Juni.”

Mwenye nyumba akauliza kwa unyonge kama hata fundi haruhusiwi kumleta, maana wageni wale walitaka choo cha ndani. Niliona si haki azuiwe kila kitu katika mali yake. Nikamwambia auchukue ua, mafundi waanze kukijenga huko, ubavuni mwa nyumba, ila paa na milango visiguswe, na Juni nitatoka bila kusukumwa. Mpaka leo sijui kama nilitoa kingi mno, maana uani ndiko nilikokuwa napikia. Mchana ule ule walimwaga mchanga palipokuwa na mafiga yangu, nikahamishia jiko koridoni.

Jioni moshi ulitutoa machozi sote. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Mtoto wangu mdogo alilalamika kwamba dagaa wananuka moshi, kisha akaomba aongezwe.