Samadi ya Bure

Watu walimwita Dobi kwa sababu alifua mashuka ya hospitali, na hata marehemu mumewe alimwita hivyohivyo. Nyuma ya chumba chake alikuwa na kipande cha ardhi cha kutandika mikeka minne, na humo hakuna alichonunua. Mbegu za nyanya alizikamua kwenye nyanya zilizooza. Mchicha alipewa. Samadi aliichukua bure kwa mfugaji wa ng'ombe mtaa wa pili, akisukuma toroli mwenyewe kila Jumamosi, harufu ikimtangulia. Miche iliyozidi aliigawa, na kila aliyepewa miche alipewa na ndoo ya samadi. Nyumba tano zilipanda kwa mkono wake, ikiwemo ya wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyependa kupewa kitu.

Mwaka ule nyanya zikaanza kujikunja. Majani yalifumbana kama ngumi, mashina yakajisokota, na maharage yakachomoza yakiwa yamepinda. Dobi alidhani ni wadudu, akanyunyiza majivu. Akadhani ni jua. Kisha wifi akaja na mche uliokauka, akautupa mlangoni, akasema mbele ya wapangaji wote kwamba kama Dobi ana kinyongo aseme kwa mdomo, asipitishe kwenye miche. Dobi akauokota ule mche. Alipopita nyumba nyingine alikuta hali ileile, na kinyozi, mmoja wa waliopewa miche, ambaye alikuwa akimsifu kila asubuhi, alijifanya anatafuta kitana.

Akaamua kuijaribu samadi. Makopo mawili, udongo uleule wa kando ya barabara, maharage yaleyale. Moja akatia samadi, jingine hakutia. Baada ya wiki mbili lile lisilo na samadi lilikuwa na miche iliyosimama wima. Ya lile jingine ilikuwa imejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Akayabeba yote mawili hadi kwa mfugaji, aproni ya kazini bado kiunoni.

Alimkuta anakamua. Akayaweka makopo kando ya ndoo ya maziwa. Mfugaji akayatazama, asiulize ni nini. Kule kutouliza ndiko kulikomwambia Dobi kila kitu.

"Ulijua," alisema.

Mfugaji akaeleza, macho chini, kwamba malisho yalipoadimika alianza kununua marobota ya nyasi kutoka shamba lililopigwa dawa ya magugu. Muuzaji alimwambia ng'ombe hawatadhurika, ila samadi isiwekwe kwenye mboga.

"Kwenye mboga zako uliiweka?"

"Hapana, mama."

"Mimi ukanijazia toroli."

"Lundo lilikuwa limenizidi. Na wewe ulikuja mwenyewe."

Dobi alihisi masikio yanawaka. Miaka sita alikuwa akishukuru kila akiondoka pale. Kumbe safari hii alikuwa anatumwa kutupa uchafu wa mtu, tena kwa watu wake. Mfugaji akajaza chupa ya maziwa, akamnyooshea.

"Sitaki maziwa yako," Dobi alisema. "Nawa mikono, vaa viatu. Tunapita nyumba zote tano, na utasema kwa mdomo wako."

Alikwenda, labda kwa kuwa mkewe alikuwa mlangoni na alisikia yote. Kila nyumba alisema kwa sauti ya chini, na kila nyumba Dobi alimwambia arudie. Kwa wifi alirudia mara mbili. Wifi alisikiliza mikono kiunoni, akamtukana mfugaji hadi akaridhika, kisha akaingia ndani bila kumtazama Dobi. Radhi hakuomba.

Kuondoa udongo kulichukua Jumamosi nne. Mfugaji alileta sepetu nyumba mbili za kwanza. Ya tatu akasema mgongo unamuuma. Dobi akamaliza peke yake, na mwaka uliofuata akapanda mahindi matupu, kwa kuwa dawa ile haiyadhuru.

Watu humwambia asamehe, yamekwisha. Yeye hujibu kwamba nyanya angezisamehe. Kinachomchoma ni kwamba mikono iliyopeleka sumu kwa majirani ni yake. Siku hizi samadi huichukua kwa mfuga sungura, na kabla ya kupakia huuliza sungura wamekula nini. Haulizi kwa upole.