Moto wa Mzee Ambilikile

Tii, tii, tii. Mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyeachwa nyuma na mama yake. Mpaka leo Mzee Ambilikile anausikia, hata akiwa peke yake shambani.

Ulitoka kwenye kidude cheupe alichokituma mwanawe Nelson kutoka Dar es Salaam. Kiliwekwa juu ya kabati, karibu na kitanda cha mjukuu aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi. Nelson alisema kinamlinda mtoto, kinapima hata hewa ya chumba. Jambo likiharibika kinalia pale pale, na kwenye simu yake huko Dar. Mzee alishika moja tu: kikilia, mtoto ana shida. Na shida ya kichanga hapa Lufingo, mwezi wa Juni, ukungu umelala mpaka saa tano, ni ipi kama si baridi? Hata muuguzi aliyewaruhusu kutoka hospitali alisema, "Huyu asipigwe na baridi."

Mkewe Esnath alikuwa msibani, siku ya pili. Nyumbani walibaki mzee, mkwewe Anneth na mtoto. Anneth alilelewa Kinyakyusa hasa: hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, na mzee naye hakanyagi chumbani kwake. Wakikutana koridoni, mmoja hugeukia ukuta. Maneno yao yote hupitia kwa Esnath.

Basi mzee akafanya alichoweza. Aliwasha jiko la mkaa, akaliweka kizingitini mwa chumba chao, akakohoa kidogo mkwe ajue, akaondoka. Kidude kikalia.

"Bado anatetemeka," akajisemea, akaongeza mkaa.

Anneth akafungua dirisha. Mzee, akitoka kukata majani ya ng'ombe, akaona ukungu unaingia kwa mjukuu. Akalisukuma likafungika, akaliegemezea gogo kwa nje. Tii, tii, tii. Akaongeza mkaa, kisha akakaa sebuleni kusikiliza.

Ndani, kichwa kilimgonga Anneth. Mshono wa uzazi ulikuwa mbichi, hawezi kuinua jiko. Jiko limeziba mlango, na nje ya mlango yupo baba mkwe. Akaanza kumwimbia mtoto, kwa sauti ya juu ambayo hakuna mtoto anayeimbiwa, ili baba mkwe asikie:

"Moshi, mwanangu, moshi unatumaliza!"

Mzee akatabasamu. Masikio yake siku hizi hayashiki maneno, ila sauti ya mkwe ilimpendeza.

Anneth akampigia mumewe, Nelson, naye akampigia baba yake. Simu ya mzee ilikuwa ndani ya koti, koti liko msumarini. Iliita sana kabla hajaisikia.

"Baba, uko wapi? Nimepiga mara kumi na mbili!"

"Nipo. Shikamoo umeila?"

"Shikamoo, baba. Toa jiko!"

"Nitoe jiko mtoto agande? Wewe huko unapepewa na feni, utajua nini?"

"Baba, kidude kinalia kwa sababu ya mkaa! Hewa imeharibika. Kinalia tangu asubuhi, baba. Tangu asubuhi!"

Mzee alilibeba jiko kwa mikono mitupu, wala hakusikia kuungua. Akalitupa uani, akakimbia kuondoa gogo dirishani. Baada ya muda kidude kikanyamaza. Mtoto naye alikuwa kimya, ila kifua kilikuwa kikikoroma, na pumzi zinakuja kwa kuvutwa.

Hezron, jirani, akaleta kipikapu chake.

"Mzee, panda tumwahishe hospitali!"

Nyuma pamejaa mikungu ya ndizi, na mbele palikuwa na kiti kimoja tu cha abiria. Hata vingekuwa viwili, angekaaje bega kwa bega na mkwe?

"Nendeni," akasema. "Nendeni upesi."

Anneth akatoka na furushi la kanga kifuani. Mzee akageuka, kama inavyompasa, akaielekea migomba. Hakumwona mtoto. Alisikia tu ile pumzi ikipita mgongoni pake, mlango wa gari ukibamizwa, gari likishuka mlima kwenye utelezi.

Aliendelea kuitazama migomba, viganja vyake vimeanza kutoa malengelenge.

"Nilidhani anasikia baridi," alisema, polepole mno.