Wanataka Niape Kwamba Mumbere Hakuzaliwa

Admin, tafadhali nifiche. Hapa Bwera, mpakani upande wa Uganda, tunajuana hadi kwa kikohozi, na habari hii hata mama yangu mzazi sijamwambia.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, Mkongomani wa upande wa Butembo. Vita vilitutoa kwetu, sasa nauza chumvi ya Katwe hapa sokoni. Mume wangu yuko Ulaya. Alituacha mtoto akiwa bado ananyonya, mpaka leo mtoto anamjua baba yake kwenye simu tu. Miaka yote hiyo nangoja visa ya familia tumfuate. Watu wamenicheka weee, eti "huyo ameshaoa mzungu," nami napima chumvi yangu.

Hakuoa. Afadhali angeoa, ningejua la kufanya, maana hasira ninazo za kutosha.

Mwaka huu tuliitwa ubalozini Kampala kuhojiwa. Nilimvalisha mwanangu viatu vipya, nikasali njia nzima. Maswali yalienda vizuri mpaka mkalimani, Mkonjo wa Kasese, alipoangalia karatasi alizojaza mume wangu, akaniuliza taratibu, "Mama, huyu ni Kambale. Mumbere iko wapi?"

Ndugu zangu, kwetu Wanande, na hata Wakonjo wa huku, jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. Ukisema Kambale, kila mtu anajua kuna aliyemtangulia. Mimi mwenyewe sokoni naitwa Mama Mumbere mpaka leo. Mume wangu alikuwa ameandika mtoto mmoja tu, Kambale. Mzungu asingegundua kitu, lakini Mkonjo!

Nililia mbele za watu mpaka wakasimamisha mahojiano, wakasema nirudi na maelezo ya kiapo. Mumbere wangu alikufa kwa homa tukiwa tunakimbia vita. Tulimzika katika shamba la watu tusiowajua, chini ya mgomba, nimemfunga kitenge changu. Padri hakuwepo, sasa cheti cha kifo kingetoka wapi? Na aliyechimba lile kaburi, kwa jembe la kuazima, ni huyu huyu mume wangu.

Nikampigia simu. "Juu ya nini hukumuandika Mumbere?"

Akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Baliuliza batoto bote, bazima na benye balikufa. Mukono ilikataa. Nilishindwa kuandika jina yake."

Hapo ningemsamehe, jamani, tungelia pamoja. Lakini akaendelea: "Sasa nikisema nilikosea, batasema nilidanganya, makaratasi yangu ya kuishi huku itakufa. Wee enda kwa avoka hapo Kasese, uape kama Kambale ndiye wa kwanza, jina ni ya babu yake. Mufu hana haja ya visa, Mama Mumbere."

Mnasikia? Ananiambia nimkane Mumbere, na bado ananiita Mama Mumbere. Hata hakusikia alichosema.

Wakili wa Kasese ameshaandika kila kitu. Imebaki nishike Biblia na kutia sahihi. Nimekwenda, nimefika mlangoni, nimerudi. Nikikataa, Kambale atakosa baba, na huenda baba mwenyewe akafukuzwa huko. Jana mtoto kanionyesha begi lake, ameweka gari lake la waya. "Ni ya kuonyesha Papa," anasema. Niligeuka nikajifanya nachochea moto.

Nikikubali nako, yule wa chini ya mgomba hana msalaba, hana picha, hana chochote. Kilichobaki chake duniani ni hilo jina ninaloitwa.

Msinitukane, maumivu niliyo nayo yanatosha. Ninyi mlio na mtoto ardhini na mwingine mkononi, nishaurini, nifanye nini? Nikiapa, kesho mteja akija akasema, "Mama Mumbere, nipimie chumvi," nitaitika?