Boliti Niliyosema Nimeifungua

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: dizeli, grisi ya zamani, na vumbi la barabara iendayo mpakani Mpondwe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika gereji ya wazi kule Bwera, na nilijiona najua kila kitu chenye nati. Leo naishi hapa Kasese na wananiita Mzee Idi. Vijana huniletea injini nizisikilize tu, wakidhani sikuwahi kukosea.

Gereji ilikuwa ya Hajji Twaha, mfanyabiashara aliyekuwa na malori mawili. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kule, mtu wa maneno machache. Chini yake tulikuwa wawili, mimi na Bwambale. Bwambale alitoka Karusandara. Tulikula sahani moja, tulilala chumba kimoja, na mama yangu alimwita mwanawe kama alivyoniita mimi.

Lori moja la Hajji, kuukuu kuliko sisi wenyewe, lilikuwa limekufa klachi. Ili kuifikia, ilitubidi tuitenge giaboksi na injini. Mzee Kule alitugawia kazi asubuhi: Bwambale afungue boliti za chini, mimi nipande juu nifungue zile za juu. Kisha akaitwa msibani Bulembia. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Idi, boliti ya juu hauone na macho. Pitisha kidole mviringo muzima. Halafu mungoje mimi."

Nilipanda, nikafungua nilizoziona. Upande wa nyuma kulikuwa na tope na grisi vilivyoganda pamoja kwa miaka, vigumu kama saruji. Nilipaswa kukwangua. Sikukwangua. Jua lilikuwa kali, nami nikajiambia kwamba hapo hapana kitu.

Tukaiwekea giaboksi jeki na magogo chini, tukavuta. Ikakataa. Tukaitikisa, tukaigonga kwa nyundo na kipande cha ubao, tukamwaga dizeli kwenye maungio. Haikusogea. Hajji alikuja akasimama, akatazama saa yake, akasema kahawa inangoja Kasese, kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Nikaleta mtaimbo. Nilipoupenyeza, chini pakafunguka upenyo wa kama unene wa kidole, lakini juu pakabaki pamefumba kabisa. Mwanangu, hapo chuma kilikuwa kinaniambia waziwazi kwamba kuna kitu juu kimekishika. Bwambale aliliona hilo. Alikuwa amechuchumaa chini ya lori, mkono wake wa kulia ukiielekeza giaboksi juu ya jeki.

"Idi," akasema, "boliti ya juu yote imetoka?"

"Yote imetoka."

"Umepitisha kidole?"

"Wewe iko fundi ao polisi?" nikamjibu. "Nimesema yote."

"Basi tungoje Mzee."

"Mzee, Mzee! Tutangoja Mzee mpaka tuote mvi?"

Nikaning'inia kwenye mtaimbo kwa uzito wangu wote. Nikasikia mlio mkavu. Mdomo wa giaboksi unaoungana na injini ulipasuka pale juu, giaboksi ikaruka kutoka kwenye jeki na kumwangukia Bwambale, ikaubana mkono wake kwenye gogo. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Idi, toa. Toa hii kitu." Watu wa maduka ya jirani walikuja mbio, tukainyanyua. Mkono ule sitakueleza ulivyokuwa.

Wakamkimbiza hospitali. Mimi nilibaki nimesimama na mtaimbo mkononi, na Hajji akarudi kutoka msikitini akauliza, "Nani alisahau boliti?" Kwa maana sasa ilionekana, imebaki imejikita kwenye injini pamoja na kipande cha mdomo.

Nikasema, "Bwambale."

Neno moja tu. Nililisema haraka, kabla sijafikiri, kisha likawa kama ukuta ambao sikuweza kuuruka tena.

Mzee Kule alirudi kesho yake. Alikaa muda mrefu akiitazama ile giaboksi, akakwangua kwa ukucha grisi iliyobaki kichwani mwa ile boliti. Akaniita, akakishika kidole changu na kukiweka pale. "Hapa spana haikufika hata siku moja," akasema. "Na juu nilituma nani?"

Nikafuta kidole kwenye suruali.

"Chuma itapatikana ingine. Lakini ile jina ya mutoto wa watu umechafua, usipoisafisha sasa, itakauka vile. Enda hospitali leo. Rudi useme kwa Hajji."

Sikwenda siku ile, wala kesho yake. Nilijidanganya kwamba namwachia apone kwanza.

Bwambale alikuja baada ya wiki kadhaa. Vidole vitatu vilikuwa havipo. Hajji akamwambia mbele ya watu wote kwamba fundi mzembe hana nafasi kwake. Mzee Kule akaanza kusema, "Hajji, si yeye," lakini Hajji akamkatiza: "Wewe haukukuwa hapa. Idi alikuwa." Wote wakanigeukia. Bwambale naye akanitazama, bila hasira, akingoja tu. Nikainama, nikaendelea kuosha vyuma kwa dizeli.

Akachukua nguo zake chumbani, akaondoka.

Nilifanikiwa, mwanangu. Nilifungua gereji yangu, nikaoa, nikazaa. Nikawa natengenezea watu magari hata ya hifadhi ya wanyama kule Mweya. Kila mara niliposikia mtu anatoka Karusandara, nilijifanya nina kazi chini ya gari.

Mwaka jana tu, magoti yakiwa yameshaanza kunisaliti, ndipo nilipopanda boda kwenda huko. Nilimkuta akipalilia mahindi kwa mkono wa kushoto, jembe amelikaza kwapani. Mkewe, Masika, alinikaribisha kwa chai, hajui mimi ni nani. Nikasema yote mbele yake. Sikubakiza.

Bwambale akaweka kikombe chini, akasema, "Nilijua tangu siku ile, ndugu yangu. Mwaka wa kwanza nilikungoja. Kila pikipiki ikisimama, nasema ni Idi. Mwaka wa pili nikaacha kungoja. Kukusamehe, nilikusamehe zamani. Lakini mutoto yangu wa kwanza alipenda ufundi sana. Alienda gereji tatu. Wakasema, huyu ni mutoto wa yule mwenye kusahau boliti. Akarudi nyumbani."

Masika aliinuka akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka nikaondoka.

Nikafunga safari kwenda Bwera, niyaseme kwa wale niliowadanganya. Hajji alikwisha kuzikwa. Mzee Kule alikwisha kuzikwa. Pale palipokuwa gereji wanauza simu. Nilisimama na ukweli wangu, hapana wa kuupokea.

Ndiyo maana nakwambia wewe, unayeanza kazi ya ufundi. Kazi ikikataa, usiongeze nguvu; ongeza kutazama, na ukiulizwa kama umemaliza, jibu ulichokifanya, si ulichotamani kuwa umekifanya. Ukimuumiza mwenzako, nenda kwake wiki hiyohiyo, hata kama utafukuzwa kazi. Kosa langu la mtaimbo lilikuwa la saa moja, na watu wangelielewa. Lile la ulimi nimelifanya upya kila siku kwa miaka arobaini kwa kunyamaza, na mtoto ambaye hakuwapo siku ile ndiye aliyeadhibiwa.

Nenda sasa, mwanangu. Mola ailinde mikono yako na ya wote utakaofanya kazi nao. Akupe moyo mwepesi wa kusema "ni mimi" wakati bado yupo mtu wa kukusikia. Amina.